Kifaduro

Tulimwita Kifaduro.
Alianza kukohoa kwenye kona ya duka la Wafilipino,
akakohoa mbele ya kanisa, akatweta kwenye taa nyekundu,
na kabla hajafika kwetu amekwisha kumwamsha kila mwenye masikio,
pamoja na mbwa wa Petrashuk.

Mama ndiye aliyemsikia wa kwanza.
Macho yake yana ukungu tangu mwaka ule mto ulipofurika Winnipeg,
lakini masikio!
Yuko chumba cha nyuma, mlango umefungwa,
anajua ni nani jikoni anayeongeza kijiko cha tatu cha sukari.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, natoka zamu ya mikate;
Kifaduro akikohoa konani, Mama anabandika birika.
Nikimaliza kuvua viatu vyenye theluji
chai imekwisha kuungwa tangawizi.
Miaka kumi na mitatu.

Vuli hii giaboksi ikafa.
Fundi Dilraj alifuta mikono, akasema, huyu anaomba kuzikwa.
Nasma akaja na kikokotoo:
Baba, hizi ndizo pesa za petroli, hizi za fundi,
na umeme wetu unatoka mitoni, kaskazini huko.
Nikasema, baridi ya hapa, binti yangu,
digrii thelathini chini ya sufuri!
Betri itaganda kama dagaa wa kopo.
Akacheka. Na ule waya, Baba?

Ule waya.
Uliokuwa ukining'inia mdomoni mwa Kifaduro kama ulimi,
ambao kila usiku wa Januari niliuchomeka ukutani
ili oili isigeuke lami.
Miaka kumi na mitatu nachomeka gari kwenye soketi
na najiita mtu wa petroli.

Tulilinunua mkononi, kwa mwalimu mstaafu wa Selkirk,
rangi ya majivu, mkwaruzo mmoja mlangoni.
Kifaduro akaburutwa na winchi.
Chini ya viti vyake tulikuta sarafu, kitana,
punje za mchele wa harusi ya nani sijui,
na risiti ya maegesho ya hospitali
usiku aliozaliwa Idarusi.
Risiti nimeiweka.

Asubuhi ya kwanza niliingia, hakuna chai.
Mama amesimama ukumbini, fimbo juu.
Nani?
Mimi, Mama.
Umeingiaje? Siku hizi mwanangu na mwizi wana mwendo mmoja?

Akaacha kulala.
Tangu saa tisa anakaa kwenye kiti cha viatu,
shali mabegani, sikio mlangoni.
Nasma alimpa simu: Baba atakupigia akikaribia, Bibi.
Akairudisha. Simu inasema nakuja hata kwa aliye mbali.
Nilifikiria honi. Nikamfikiria Petrashuk na mbwa wake.
Kila mwezi tuliokoa pesa,
na kila alfajiri nilimkuta mama yangu
ameganda pale kama mgeni asiyekaribishwa.

Kisha ikaja ile baridi kavu
ambayo theluji yake hulia ukiikanyaga.
Naingia: jiko linawaka, tangawizi inanukia.
Nimekusikia, akasema.
Tairi zinatafuna kama mtoto na bisi.
Halafu kile kidude kikalia, ta! Nikajua umelichomeka.
Nalo lile lako kabla hujala wewe.

Alikunywa nami, akaenda kulala.

Sasa ni Machi. Matone yanadondoka kutoka mapaani,
barabara inaanza kuonyesha weusi wake,
na bisi za Mama zinayeyuka mchana, zinarudi usiku,
kila siku pungufu.
Sijamwambia. Huenda anajua.

Jana nilifika konani, kwenye duka la Wafilipino,
lami tupu, gari kimya kama wazo.
Nikateremsha kioo,
nikakohoa mwenyewe.